Joto la Kondoo na Macho ya Chombo

Mchungaji mzoefu hamjui kondoo wake kwa jicho peke yake. Humpapasa masikio, pua na miguu, na joto au baridi aionayo mkononi humwambia kama mnyama ameshiba, au amelala njaa, au ameanza kuugua. Kiswahili kina usemi wa haki juu ya jambo hili: mtu huambiwa ameona baridi au ameona joto, kana kwamba ngozi nayo ina macho. Kwa zama nyingi kuona huko kulikuwa kwa mkono tu. Mkono una sifa ya kuwa karibu na kila mchungaji, lakini una kasoro yake: haukumbuki leo joto la juzi, wala hauwezi kuwapanga kondoo mia kwa daraja za joto lao. Ilibidi kutafutwa chombo cha kuufaa mkono. Katika kutafuta huko njia mbili za elimu, moja ya chakula na moja ya nuru, zilikwenda mbalimbali kwa muda wa karibu miaka mia mbili kabla ya kukutana juu ya mgongo wa kondoo.

Njia ya chakula ilianza kwa barafu. Katika majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, mjini Paris, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walitengeneza chombo chenye vyumba vitatu, kimoja ndani ya kingine. Katika chumba cha ndani waliweka simbilisi, mnyama mdogo asiye na mkia. Chumba cha kati kilijazwa barafu. Na chumba cha nje kilijazwa barafu nyingine, ili joto la nyumba lisipate mwanya wa kuingia. Joto la mnyama liliyeyusha barafu ya kati, maji yakachuruzika chini, nayo yakapimwa. Kwa muda wa saa 10 simbilisi aliyeyusha yapata aunsi 13 za barafu. Kisha wataalamu wale walipima hewa chafu aliyoitoa mnyama kwa pumzi, wakahesabu ni barafu kiasi gani ingaliyeyushwa na makaa yaliyotoa hewa kama ile kwa kuungua. Jawabu lilikuwa yapata aunsi 10 na nusu. Hesabu mbili hazikulingana, lakini zilikaribiana vya kutosha kwa Lavoisier kutamka kwamba kuvuta pumzi ni kuungua polepole, na kwamba chakula ndani ya mwili ni kuni.

Tofauti ile ya aunsi mbili na nusu haifai kupitwa haraka, maana kila aliyekuja baadaye kupima joto la mnyama aliikuta mlangoni. Lavoisier na Laplace wenyewe waliitolea sababu. Walisema kwamba mnyama aliyewekwa katika baridi hupoa katika viungo vyake vya pembeni, kwa hiyo sehemu ya joto lililoyeyusha barafu ni akiba aliyoingia nayo, wala si joto alilolizalisha mle ndani. Tena unyevu wa pumzi yake nao uliongeza maji yaliyopimwa. Ngozi, viungo vya pembeni, na unyevu wa pumzi: mambo hayo matatu yatarejea katika habari hii. Lavoisier hakupata wasaa wa kuyamaliza, kwani tarehe 8 Mei 1794 alikatwa kichwa katika vurugu za mapinduzi ya Ufaransa.

Njia ya nuru ilianza mahali pengine, kwa mtu ambaye hakuwa na haja yoyote na wanyama. William Herschel alizaliwa Hanover mwaka 1738, akahamia Uingereza, akawa mpigaji muziki kabla ya kuwa mnajimu mashuhuri aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Akitazama jua kwa vioo vya rangi mbalimbali, aliona kwamba vioo vingine vilipitisha joto jingi na nuru chache, na vingine kinyume chake. Mwaka 1800, nyumbani kwake Slough, aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu ukagawanyika rangi zake, akaweka vipimajoto katika kila rangi. Joto lilikuwa dogo katika urujuani, likazidi katika kijani, likazidi tena katika nyekundu. Hapo mtu mwingine angeliondoa vyombo vyake akaenda kula. Herschel aliweka kipimajoto kando ya nyekundu, mahali palipokuwa giza tupu kwa jicho, nacho kikapanda juu kuliko vyote. Kulikuwa, basi, na nuru isiyoonekana, na nuru hiyo ilikuwa joto.

Mwanawe, John Herschel, mwaka 1840 alipata picha ya kwanza ya nuru hiyo, kwa karatasi iliyopakwa masizi na kuloweshwa kileo: mahali palipopigwa na joto palikauka mapema kuliko pengine, mchoro ukajitokeza. Baada yake vyombo vikawa vyepesi kuhisi. Mtaliano Macedonio Melloni, kwa vipande vya metali vilivyounganishwa ili vizalishe umeme vipatapo joto, aliweza kutambua joto la mtu aliyesimama mbali kiasi cha mita 9 au 10. Mmarekani Samuel Langley alibuni bolometa kati ya 1878 na 1880, na sifa iliyovuma ya chombo hicho ni kwamba kiliweza kuhisi joto la ng'ombe aliye umbali wa robo maili. Langley alikuwa akichunguza jua. Ng'ombe aliingia katika sifa hiyo kama mfano tu, na hakuna aliyemwuliza kama amekula.

Wakati huo wataalamu wa chakula cha mifugo walikuwa Ujerumani, wamejifungia na ng'ombe wao. Huko Weende, karibu na Göttingen, Henneberg na Stohmann katika miaka ya 1860 waliweka taratibu za kuchambua majani na nafaka kwa sehemu zake. Oskar Kellner, katika kituo cha Möckern karibu na Leipzig, alikwenda mbele zaidi: aliuliza kila chakula kina uwezo gani wa kumnenepesha maksai kikilinganishwa na wanga safi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905, na kwa muda mrefu wakulima wa Ulaya walipima malisho kwa thamani ya wanga aliyoiweka yeye. Marekani, Henry Armsby alijenga katika Pennsylvania chumba cha kupimia joto la ng'ombe mzima, kilichoanza kazi mwaka 1902. Kilikuwa chombo kile kile cha Lavoisier, kimekuzwa kikatosha fahali.

Kondoo alipata heshima yake Uskoti. Kenneth Blaxter alifanya kazi katika taasisi ya Hannah karibu na mji wa Ayr, na mwaka 1965 akawa mkuu wa taasisi ya Rowett huko Aberdeen. Kondoo alifaa kwa kazi yake kuliko ng'ombe, kwa kuwa ni mdogo, ni mpole, na chumba chake hakina gharama kubwa. Mnyama alikaa ndani kwa siku kadhaa. Hewa iliyoingia ilipimwa, na hewa iliyotoka ilipimwa. Gesi ya methani inayotoka mdomoni kwa wanyama wacheuao ilihesabiwa. Samadi na mkojo vilikusanywa vyote. Chakula kilichobaki horini kilipelekwa mizanini. Mwisho wa kazi palikuwa na hesabu ya mapato na matumizi, safi kama daftari la mfanyabiashara mwaminifu: nguvu iliyoingia kwa mdomo, iliyopotea kwa samadi, mkojo na methani, iliyotoka kama joto, na iliyosalia mwilini kuwa nyama, mafuta na sufu.

Katika hesabu hiyo joto ndilo matumizi makubwa. Kondoo apewaye chakula cha kumtosha kuishi tu, bila kuongezeka wala kupungua uzito, hutoa nguvu yote aliyoipata kwa mwili wake kama joto, hakisalii kitu. Akiongezewa chakula ili anenepe, mara nyingi nusu ya nyongeza hiyo au zaidi nayo hutoka kama joto. Kwa hiyo atakaye kujua kwa nini kondoo huyu amenenepa na yule hakunenepa, ilhali wamekula sawasawa, ni lazima aulize habari za joto.

Blaxter na wenzake, akiwamo N. McC. Graham, walichapisha mwaka 1959 uchunguzi ambao kila mpiga picha za joto za kondoo angepaswa kuusoma kabla hajafungua kamera yake. Walitafuta kiwango cha joto la hewa ambacho, kikishuka chini yake, kondoo hulazimika kuchoma chakula zaidi kwa ajili ya kujipasha moto tu. Kwa kondoo aliyenyolewa karibu na ngozi na kulishwa kidogo, kiwango hicho kilikuwa yapata digrii 38 hadi 40 za Celsius. Mtu wa Mombasa au Zanzibar, ambaye digrii 34 humtoa nje ya nyumba akatafute upepo, atastaajabu kusikia kwamba katika joto kama hilo kuna kondoo aonaye baridi. Kondoo yule yule akilishwa sana, kiwango kilishuka hadi digrii 24 au 27, kwa maana shibe yenyewe ni moto. Na sufu ikirefuka, kiwango hushuka zaidi na zaidi, hata kondoo mwenye vazi zima kuustahimili ubaridi wa barafu pasipo kuongeza kuni.

Maana yake ni kwamba joto la nje ya kondoo halitegemei jambo moja. Hutegemea chakula, hutegemea sufu, hutegemea hewa, na vyote vitatu huvutana. Huko Australia, W. V. Macfarlane na wenzake walipima sufu ya Merino kwenye jua kali wakakuta ncha zake zimepita digrii 80, ilhali ngozi chini yake imo karibu na digrii 42 tu. Aliyepiga picha ya mgongo huo amepiga picha ya jua.

Kamera yenyewe ina historia fupi, na sehemu kubwa yake ni ya majeshi, yaliyotaka kumwona adui gizani. Uraiani ilianza kujulikana mwaka 1956, tabibu Ray Lawson wa Montreal alipoonyesha kwamba uvimbe wa saratani katika titi la mwanamke una joto kuliko nyama iliyouzunguka. Kampuni ya AGA ya Sweden ilitoa mwaka 1965 chombo cha kukagulia nyaya za umeme. Vyombo vya wakati huo vilikuwa vizito, navyo vilihitaji kupozwa kwa naitrojeni ya maji, kitu ambacho hakibebeki zizini kwa raha. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Honeywell ya Marekani ilitengeneza, kwa siri ya kijeshi, vibolometa vidogo mno vilivyopangwa safu safu juu ya kipande kimoja, visivyohitaji kupozwa. Siri ilifunguliwa mwaka 1992. Tangu hapo kamera ilizidi kuwa ndogo na rahisi, hata ikaenea mkononi mwa mtu wa mifugo. Bolometa ya Langley ilikuwa imerudi kwa ng'ombe.

K. Cena na J. A. Clark walikwisha kuonyesha mwaka 1973 namna ya kupima joto la nje la wanyama kwa picha hizo. Kazi yao iliweka wazi jambo moja ambalo mgeni hulidhania vingine: rangi ionekanayo na jicho haina kauli katika nuru ya joto itokayo mwilini. Kondoo mweusi na kondoo mweupe, wakiwa kivulini na wana joto moja, huonekana sawa; nywele na ngozi zao zote hutoa nuru hiyo karibu kwa ukamilifu. Rangi hurudi kuwa na nguvu jua linapowapiga, maana hapo mweusi hunywa joto zaidi.

Wakanada ndio walioifikisha picha karibu na ugonjwa na lishe, japokuwa kwa ng'ombe. A. L. Schaefer na wenzake walieleza mwaka 2004 kwamba ndama walioambukizwa virusi vya kuharisha walionekana kupanda joto kwenye jicho siku kadhaa kabla ya dalili nyingine kudhihiri. Y. R. Montanholi na wenzake, mwaka 2008, walilinganisha picha za ng'ombe wa maziwa na vipimo vya chumba cha hewa. Tumbo la kwanza la mnyama acheuaye limelala upande wa kushoto, nalo ni pipa la uchachu lenye joto lake. Walitazama tofauti ya joto baina ya ubavu wa kushoto na wa kulia baada ya mnyama kula, wakaona ina uhusiano na methani iliyotoka. Hapo njia mbili zilikutana kweli kweli: nuru ya Herschel ikasoma pipa lililofungwa ndani ya ubavu.

Matumaini makubwa kwa kondoo yalitokana na wazo lililochapishwa mwaka 1963 na Robert Koch na wenzake wa Marekani. Tuseme kondoo wawili wana uzito mmoja na wanakua kwa kasi moja. Mmoja anakula kilo moja na nusu kwa siku, na wa pili kilo moja na robo. Ile robo kilo inayozidi ndiyo Koch aliyotaka ihesabiwe: chakula alacho mnyama kupita kile ambacho uzito na ukuaji wake ungetarajiwa kudai. Kondoo mwenye ziada ndogo ni mali. Mwenye ziada kubwa hula faida ya mwenyewe. Shida ni kwamba kuijua ziada hiyo kwataka kila mnyama alishwe peke yake, chakula kipimwe kuingia na kutoka, kwa majuma mengi. Mfugaji wa kawaida hawezi. Ikasemwa, basi: ikiwa chakula kinachopotea hutoka kama joto, na joto huonekana kwa kamera, kwa nini asichaguliwe dume kwa picha moja ya dakika moja?

Swali ni zuri, na waliolijaribu katika nchi mbalimbali hawakupata jibu moja. Wengine waliona wanyama wenye ziada ndogo wana ngozi ya baridi zaidi. Wengine hawakuona tofauti ya maana. Aliyemsoma Blaxter hatashangaa. Picha haionyeshi joto lililozalishwa. Yaonyesha joto la uso wa mnyama, na uso huo una hila zake. Sufu huuficha, ndiyo sababu wapimaji wenye busara huliacha jimbo la mgongo wakatazama jicho, pua, sikio na mguu. Lakini viungo hivyo vya pembeni ndivyo ambavyo Lavoisier aliviona vikipoa. Kondoo akiogopa, mishipa ya damu chini ya ngozi hujibana na picha hupoa, ingawa chakula tumboni hakikubadilika hata punje. Na hewa ikiwa ya moto, kondoo hutweta, akatoa joto lake kama mvuke wa pumzi. Mvuke huo kamera haiuhesabu. Ni unyevu ule ule uliomsumbua Lavoisier.

Kosa hapa si la kitabuni. Mwanakondoo mwenye ngozi baridi yaweza kuwa amejaliwa utumizi mzuri wa chakula. Yaweza vile vile kuwa hakula kwa sababu ana minyoo, au ana sufu nene, au amekimbizwa kuingizwa kibandani. Akichaguliwa kuwa dume la kundi, ataacha watoto wengi, na watoto wake wataacha wao, na mwenye kundi atalipa kwa miaka kosa la dakika moja. Katika nchi ya malisho mengi atapunguza faida. Katika nchi ya ukame, ambako kondoo huuzwa ili kununua nafaka, hasara huingia jikoni.

Habari hii ina shina katika Afrika ya Mashariki kuliko inavyodhaniwa. Kondoo wa kichwa cheusi wa nchi ya Wasomali, mwenye mafuta matakoni na nywele fupi mahali pa sufu, alifika Afrika ya Kusini katika nusu ya pili ya karne ya 19, akaitwa huko kwa jina la Mwajemi. Kutoka kwake na kondoo wa Kiingereza aitwaye Dorset Horn walizaliwa, katika miaka ya 1930 na 1940, kondoo wa Dorper, walioenea hata Kenya na Brazil. Mwaka 2013 T. P. Paim na wenzake wa Brasília walichapisha picha za joto za wanakondoo wa Santa Inês na machotara wao, wakiwamo machotara wa Dorper, wakichunguza ni nani astahimiliye jua. Mwili wa kondoo wa pwani ya Somali, uliofunikwa kwa nywele fupi, husomeka kwa kamera kuliko mwili uliozibwa kwa sufu.

Tena maswali yenyewe yalikwisha kuulizwa katika nchi hizi kabla ya kamera. M. H. French, aliyefanya kazi katika maabara ya mifugo ya Mpwapwa, Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 habari za ng'ombe wanaonyweshwa kwa nadra na nyasi wanazokula. Muguga, nje ya Nairobi, A. Rogerson alipima katika vyumba vya hewa matumizi ya nguvu ya ng'ombe, kisha ya pofu na nyumbu. G. M. O. Maloiy, Mkenya, pamoja na C. R. Taylor walieleza mwaka 1971 mahitaji ya maji ya mbuzi na kondoo wa nywele wa Afrika. Kazi hizo zilionyesha kwamba chakula, maji na joto havitenganiki, maana mnyama mwenye kiu hupunguza kula, na apunguzaye kula hupunguza moto wake. Picha ya kondoo wa nyikani iliyopigwa bila kuuliza alikunywa lini ni picha isiyo na tarehe.

Taratibu zilizowekwa na watumiaji waangalifu, kama zilivyokusanywa katika mapitio ya Concepta McManus na wenzake mwaka 2016, zinaelekea huko. Mnyama awe mkavu, awe kivulini, asipigwe na upepo. Atulie kwanza baada ya kushikwa. Kamera isimame umbali ule ule kila siku, nayo ipewe habari za joto na unyevu wa hewa. Uso usiwe na tope wala samadi. Saa ya kula nayo huandikwa, kwa kuwa ubavu wa kushoto wa asubuhi kabla ya malisho si ubavu wa kushoto wa saa mbili baadaye. Na kwa kondoo wachache miongoni mwa kundi, chakula hupimwa kwa mizani kama zamani, kilichoingia horini na kilichobaki, ili picha za wengine zipate cha kulinganishwa nacho.